Kidole chenye asali

Jumapili nilikuwa kwa dada, Free Area hapa Nakuru, na mtoto wake alikuwa ametimiza siku tisa. Kila mtu ameshambeba, ameshanusa ile shingo, majirani wamekuja na uji wa wimbi kwa thamosi, na mimi nimesimama tu pale mlangoni na maski usoni, mkoba bado uko begani. Kadogo, yule binti wa dada wa maswali mengi, alinitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza mbele ya watu wote, "Anti, mbona wewe hutaki kumbusu mtoto?"

Nyumba ikanyamaza. Kwetu mtu akikataa kumshika mtoto mchanga watu huanza kufikiria mambo mengine kabisa, mambo ya roho mbaya, na mama mmoja pale kwa kochi nilimwona akivuta shali lake vizuri akiningojea nijitetee.

Nikashusha maski kidogo nikamwonyesha. Upande wa kushoto, mdomo wa juu, mahali pale pale pa kila mwaka. Ilikuwa imeanza Ijumaa usiku na ule mwasho wa kama kudungwadungwa na sindano, Jumamosi asubuhi nikakuta vimalengelenge vimejipanga vimejaa maji, na hii baridi ya Julai ya Nakuru mnaijua. "Homa imenitoka mdomoni," nikamwambia. Akasema, "Si upakwe dawa."

Vile tu alitaja kupakwa nikasikia harufu ya asali. Ndani ya hiyo nyumba hakukuwa na asali imefunguliwa. Hiyo harufu ilikuwa ya mwaka wa 1999.

Nilikuwa darasa la sita, nakaa na shosho, nyanya yangu, kule Bondeni, hapa hapa Nakuru. Likizo ya Aprili nilikuwa nimeenda Kisumu kwa wajomba, Nyalenda, na nikarudi na malaria kwa sababu sisi watoto wa huku juu kwa baridi mbu wa ziwa hatukuwa tumewazoea. Ya hospitali nayapita haraka: foleni, sindano, vidonge vya Fansidar, kutapika, uji bila sukari. Siku ya nne joto likashuka nikalala usiku mzima bila kushtuka, na asubuhi nikaamka mdomo umevimba na unawaka kama nimeweka kaa la moto.

Shosho alishangilia. Kweli kabisa, alipiga makofi. "Asante Mungu, malaria imetoka!" Hivyo ndo ilivyokuwa inasemwa Bondeni yote na nadhani Kenya nzima, ati homa ikishindwa mwilini inatafuta mlango wa kutokea na mlango wenyewe ni mdomo, kwa hivyo ukiona vile vidonda ujue umepona. Mimi nikafurahi pia. Nilikuwa nimepona, nimekonda lakini nimepona, na kulikuwa na habari nyingine kubwa zaidi, anti yangu mdogo alikuwa ametoka kujifungua na mtoto alikuwa hapo nyumbani, wiki mbili, analazwa kwa kitanda cha shosho. Kile kitanda nilikuwa nalala mimi.

Jioni hiyo stima ilikuwa imepotea. Jiko la makaa liko karibu na mlango ili moshi utoke, taa ya mafuta iko kwa kabati, na anti ameniambia nimletee leso iliyoanikwa kwa nyuma. Nikaileta. Mtoto alikuwa ameamka hajalia, anaangalia tu ile taa, na kale kamdomo kanasogea kama anayetafuna kitu. Nikainama. Sikuwa nimefikiria chochote, niliinama vile mtu yeyote huinama kwa mtoto.

Mkono wa shosho ulitoka wapi sijui. Alinishika bega akanivuta nyuma hadi nikagonga kabati na taa ikayumba. "Wacha! Mwenye moto kwa mdomo hakaribii mtoto mchanga! Utamchoma!" Akamwinua mtoto, akampa anti, akamgeuza uso kule ukutani kabisa, kama mimi ndo upepo mbaya.

Nililia. Si kwa sauti, nililia ile ya kumeza. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na katika hiyo nyumba mtoto siku zote alikuwa ni mimi, sasa mtoto amekuja mwingine na mimi nimekuwa kitu cha kuchoma watu. Hilo ndo nililielewa usiku ule na nililibeba miaka mingi sana.

Shosho akarudi. Hakusema pole. Akavuta stuli, akanikalisha karibu na jiko, akamimina maji ya moto kwa kikombe cha bati, akatia chumvi kiasi cha ncha za vidole vitatu, akakoroga na kungoja. Alikuwa na kipande cha leso nzee alichokuwa anakichemsha kila mara kwa kazi kama hizo. Akakichovya, akakikamua, akakiweka pale kwa kidonda akakishikilia bila kusugua. Iliuma hadi masikio. Mkono wake wa pili ulikuwa nyuma ya kichwa changu, ule mkono wa mtu aliyeuza mboga miaka yote soko la Wakulima, umepasukapasuka, una harufu ya kitunguu hata akioga. Hakuna kuchomoka hapo. Alikuwa anapumua polepole na mimi nikajikuta napumua kama yeye.

Halafu akatoa asali. Ilikuwa ya Baringo, kwa chupa ya zamani ya juisi ya Treetop imezibwa na gunzi la mahindi, nyeusi hivi, na ukifungua kitu cha kwanza kutoka ni harufu ya moshi. Hiyo haikuwa asali ya kula na mkate. Ilikuwa ya dawa, na ilikaa juu ya kabati nyuma ya Biblia. Akachovya kidole kidogo, kile cha mwisho, kwa sababu ndo pekee hakikuwa kimepasuka, akanipaka. Kugusa, kuacha, kugusa, kuacha. Ikapoa, ikawasha, ikatulia. "Usilambe," akaniambia.

Kidole chake kikabaki na asali.

Alikiangalia. Akaniangalia mimi, bado kifua kinapanda na kushuka kwa kile kilio. Na akakiweka mdomoni. Kidole hicho hicho kilichotoka kwa kidonda changu, akakilamba taratibu hadi kikaisha, ule mwanga wa makaa unampiga kutoka chini na yale meno yetu ya Nakuru, ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyo kwa maji, yakaonekana kidogo. Akasema, "Asali haitupwi." Akaziba chupa na gunzi. Basi.

Kidonda kilipona. Kilifanya ganda, ganda likaanguka baada ya kama siku tisa au kumi, nikarudi shule, kitanda sikurudishiwa.

Nilikuwa mtu mzima ninalipa kodi ya nyumba yangu ndo mama mmoja wa kemisti hapa town akanikalisha chini akanieleza, na tangu siku hiyo hii maneno nimeisoma sana kwa sababu inanihusu. Kumbe malaria haitoki popote. Vile vimalengelenge vya kwenye mdomo kwa nje ni virusi vya hepesi, aina ya kwanza, na watu wengi huvipata wakiwa watoto wadogo bila hata kujua. Vikishaingia havitoki tena, vinajificha kwa mshipa wa fahamu wa uso, vinalala huko, halafu homa ikipanda, au baridi, au jua kali, au mawazo na kukosa usingizi, vinaamka na kushuka hadi kwa mdomo. Kwa hivyo malaria yangu ya 1999 iliviamsha tu, vilikuwa ndani tayari. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanavyo, hiyo ni asilimia 64. Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya, kwa sababu miaka yote nilikuwa naficha mdomo na kiganja kama mwenye aibu fulani.

Na tafadhali tusichanganye, hii inaniuma sana nikiiona. Vile vidonda vingine vya ndani ya mdomo, kwa shavu au chini ya ulimi, vyeupe katikati vimezungukwa na wekundu, ambavyo unapata ukijiuma ama bila sababu yoyote, hivyo haviambukizi mtu. Haviambukizi kabisa. Nimeona mtoto akitengewa kikombe chake nyumba nzima kwa sababu ya kidonda cha ndani ya shavu, na ninajua yule mtoto alikuwa anasikia nini. Hivyo ni maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, unasukutua na kutema mara kadhaa kwa siku, unaacha ndimu na pilipili na krispi hadi vipone, na kwa wiki moja au mbili vinaisha vyenyewe. Kikipita wiki tatu hakijapona basi hiyo si ya chumvi tena, enda kwa daktari. Na ndimu watu wanaminya hapo juu ati ndo dawa kali, mimi naomba muache, inachoma tu bure.

Shosho vyote alikuwa anatibu na kile kikombe kimoja cha bati na ile chupa moja. Kuhusu ile asali nimetafuta sana. New Zealand walichapisha utafiti mwaka wa 2019, watu 952, nusu wakapaka krimu ya asikloviri, ile dawa ya virusi hivi ya kemisti, na nusu wakapaka krimu ya asali ya mti wao unaoitwa kānuka. Wa krimu ya kemisti walipona kwa siku nane hivi, wa asali siku tisa, tofauti yenyewe haikuwa kitu. Asali yao ilikuwa imetayarishwa kihospitali, haijakaa nyuma ya Biblia, na si ya Baringo. Lakini nilisoma hizo siku tisa mara mbili nikakumbuka kile kidole. Siku hizi mimi nikisikia tu ule mwasho wa kwanza, kabla hakujatokea kitu, napaka asikloviri, kwa sababu ukingoja malengelenge yatoke umeshachelewa. Wiki hii nilichelewa, ilianza usiku na kemisti zimefungwa.

Ya mtoto ndo imenishinda kuiweka sawa moyoni. Shosho sababu zake hazikuwa sahihi, hakuna moto ungetoka kwangu. Lakini alichofanya ndo chenyewe hasa. Mtoto wa wiki za kwanza mwili wake haujajua kupigana, hivi virusi vikimwingia vinaweza kwenda hadi kwa ubongo na ini, watoto wanakufa, na wakati mwingine ni busu tu la mtu aliyempenda. Ule mkono ulionivuta nikagonga kabati ulikuwa unaokoa mtu. Na yule mtoto leo ndo binamu yangu wa Eldoret, mzima kabisa.

Halafu kuna hii nyingine. Kila Julai shosho alikuwa na alama pembeni ya mdomo, alikuwa anasema ni baridi imemchoma. Na chai yangu kabla anipe alikuwa anaionja kwanza, kila asubuhi, kwa kikombe changu, asije akaniunguza. Vile virusi hupita kwa mate hata wakati hakuna kidonda kinaonekana. Sisemi ni yeye. Tulikuwa watoto wengi pale, tunakunywa kwa kikombe kimoja, tunaumana maandazi, ingeweza kutoka popote. Lakini sehemu ya mdomo ni ile ile, na mwezi ni ule ule.

Je, usiku ule alijua? Alijua kwamba hicho kitu anacho tayari ndo maana kidole kile hakikumtisha? Ama aliniona nalia akataka nione kwamba yeye haniogopi? Ama ni asali tu, na asali ya Baringo ilikuwa ghali na kweli haitupwi? Alituacha 2011 na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu wakati huo bado nilikuwa nadhani ile hadithi ni ya kitanda.

Basi Jumapili nikawaeleza pale pale mlangoni, kwa kifupi, hadi yule mama wa shali akaniambia kaa basi mwanangu. Nikakaa kiti cha mbali. Dada akamgeuza mtoto ili nimwone vizuri na nikamwona, ana kidevu cha kwetu.

Jioni niko jikoni peke yangu Kadogo akaingia na chupa ya asali ameitoa kwa kabati la mamake, na kidole ameshakinyoosha. "Nikupake?" Nilitamani sana. Nikamwambia hapana mama, nimiminie kidogo hapa kwa kijiko, nitajipaka mwenyewe, na hiyo chupa usiipeleke karibu na mtoto, wa chini ya mwaka mmoja halambishwi asali. Akamimina kwa uangalifu hadi ulimi umetoka nje, akaniuliza kama inauma, nikamwambia kidogo, akaenda kucheza.

Nikajipaka. Kugusa, kuacha. Kidole kikabaki na asali nikakiangalia kwa muda. Nikakilamba, halafu nikafungua mfereji nikanawa mikono na sabuni hadi juu ya viganja.