Banda la mwisho kabisa Nanenane

Mwaka jana kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, pale viwanja vya John Mwakangale, banda letu la ng'ombe liliangukia kule mwisho, upande wa upepo. Na baridi ya Mbeya ya Agosti mnaijua. Siku ya kwanza watu walichungulia, wakaziba pua, wakaenda zao kwenye nyama choma.

Alfajiri ya pili tukazoa samadi yote, tukamwaga maranda mapya, tukamwogesha Friesian wetu mpaka mabaka yakang'aa. Kisha nikaandika kwenye boksi: "Kadiria uzito wangu, ujipatie lita ya mtindi."

Weee! Mzee mmoja wa Tukuyu alimzunguka mara tatu, mikono nyuma, kimya, akataja kilo 480. Kijana wa mjini akasema 150, watu wakaangua kicheko. Saa kumi tukazungusha utepe wa kukadiria uzito kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ukasoma 492. "Shikamoo mzee, mtindi wako huu."

Kwa watoto tulichapa alama ya pua. Pua ya ng'ombe ina mistari yake, haifanani na ya mwingine, kama kidole gumba chako. Unaikausha kwa kitambaa haraka, maana inatoa majimaji muda wote, unapaka wino kidogo, unabandika karatasi. Karatasi mbili ng'ombe alizila mwenyewe. Foleni ikafika banda la jirani wa kuku, akanuna kwanza, baadaye akaanza kuwauzia mayai ya kuchemsha.

Hata samadi ile tuliyozoa iliisha, gunia kwa gunia.