Jinsi tulivyoifundisha roboti kumaliza hatua moja kabla ya kuanza nyingine

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari kisiwani Lamu, na Jumamosi asubuhi hukutana na wanafunzi wachache wanaopenda roboti. Tunatumia roboti ya EV3, iliyotengenezwa na kampuni ya LEGO, yenye mota mbili na magurudumu ya kipenyo cha milimita 56, nasi huiamrisha kutoka kwenye kompyuta kwa LabVIEW, lugha iliyotolewa na National Instruments mwaka 1986, ambamo mtu huchora vijisanduku na kuviunganisha kwa nyaya badala ya kuandika mistari ya maneno. Sakafuni tulibandika utepe kuiga vichochoro vya Mji wa Kale: sentimita 60 mbele, kona ya kulia, sentimita 40, kona ya kushoto, kisha sentimita 30 hadi mlangoni.

Hapo awali tulipanga vijisanduku vitano mfululizo, na kila tulipohamisha utepe ilitubidi tuufumue mchoro wote. Kwa hiyo niliamua amri zikae katika safu, yaani orodha ya thamani zilizopangwa kwa mfuatano, ili kubadilisha njia kuwe ni kubadilisha namba tu. Nilitengeneza safu mbili, moja ya aina ya mwendo na nyingine ya kiasi chake, nikaziingiza katika kitanzi cha For, sehemu ya programu inayorudia kazi ileile, ambacho huchukua kipengele kimoja kila mzunguko, kuanzia indeksi 0 (indeksi ni namba ya nafasi katika safu), bila kuambiwa idadi.

Roboti ilitikisika, kisha ikanyoosha mbele mpaka ikagonga mguu wa meza. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona kona zote imeziruka?" Niliwasha kile kitufe chenye picha ya balbu, kinachopunguza kasi ya programu na kuonyesha vidoti vikitembea juu ya nyaya, na hapo roboti ikaanza kukata kona, ingawa kwa vipande vipande. Basi amri zilikuwa sahihi na mpangilio wake ulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba kitanzi kilizipeleka zote tano kwa kufumba na kufumbua, na mota zikabaki na ile ya mwisho.

Tulijaribu kuweka sekunde mbili za kusubiri baina ya hatua. Betri ikiwa imejaa, roboti ilipitiliza. Ikipungua nguvu, haikufika.

Jioni yake, baada ya Alasiri, nilipita kwenye baraza la jirani yetu akicheza bao. Nikamwamkia, "Shikamoo, ami," akaitikia bila kuinua macho, nami nikasimama nikitazama vidole vyake. Mkono haukwenda shimo la pili mpaka kete imetua katika la kwanza. Katika programu yangu, aliyesogeza mkono alikuwa kitanzi chenyewe, ilhali aliyepaswa kuamua ni gurudumu, kwa kuwa ndilo linalojua kama limefika.

Nikabadilisha kitanzi kuwa cha While, kinachorudia mpaka sharti litimie, na indeksi nikaihifadhi katika shifti rejista, ile mishale miwili ya kandoni inayobeba thamani ya mzunguko mmoja hadi unaofuata. Kila milisekunde 50 programu husoma digrii ilizozunguka mota. Mzingo wa gurudumu ni karibu sentimita 17.6, kwa hiyo sentimita 60 ni digrii 1,228. Zikiwa hazijafika, indeksi hurudi vilevile ilivyo; zikifika, mota husimama, hesabu hurudishwa sifuri na indeksi huongezwa moja. Kitanzi hukoma indeksi inapolingana na urefu wa safu.

Tulijikwaa mara mbili zaidi. Kwanza, nilikuwa nimelinganisha kwa alama ya "sawa na", na roboti haikusimama, kwa sababu mota inayokwenda digrii 500 kwa sekunde hupiga digrii 25 kati ya usomaji mmoja na mwingine na kuiruka ile 1,228. Inatakiwa "kubwa kuliko au sawa na". Pili, tulipoiendesha mara ya pili haikusogea kabisa: sikuwa nimeipa shifti rejista thamani ya kuanzia, ikabaki na indeksi ya safari iliyopita. Waya mmoja wa sifuri ulitosha.

Kuhusu zile safu mbili, niliziacha baada ya mwanafunzi kuongeza aina ya mwendo wa sita akasahau kiasi chake. LabVIEW haikulalamika, kwani ukiomba indeksi isiyokuwepo hukupa sifuri kimyakimya. Sasa kila hatua ni klasta moja yenye aina na kiasi pamoja, katika safu moja, na aina ya kwanza katika orodha ya aina, yenye namba sifuri, ni "Simama", ili tukivuka mwisho wa safu kwa bahati mbaya roboti itulie mahali pake.

Zile digrii 25 za kupitiliza ni sentimita 1.2 hivi kwa kila hatua, na katika njia yenye kona nyingi hukusanyika. Kwa hiyo katika digrii 100 za mwisho za kila hatua tunapunguza mwendo, na Jumamosi iliyopita roboti ilisimama mlangoni, gurudumu la kushoto likiwa juu ya utepe.