Fibi, mhudumu wa Kenkrea

Jumapili, usiku

Mwenyekiti wa umoja wa wanawake amenipangia somo la Jumamosi ijayo: Warumi 16. Sikuifurahia zamu hiyo. Hii ni ile sura ambayo msomaji akiifikia anaanza kukimbia, majina matupu, nisalimieni fulani, nisalimieni fulani, kama kipindi cha salamu redioni. Nimekaa nayo tangu saa moja, chai imepoa mara mbili, na bado nimekwama kwenye mstari wa kwanza.

"Namkabidhi kwenu Fibi, dada yetu, aliye mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea."

Mhudumu. Nimelipita neno hili maisha yangu yote bila hata kugeuza shingo. Leo limenikaa kooni. Ukiniambia mhudumu, mimi namwona dada mwenye trei, anafuta meza, anauliza nikuletee nini. Au yule wa ofisini anayezungusha mafaili na kuchemsha chai. Kazi halali, tena ngumu kuliko za wengi wanaoletewa hiyo chai. Lakini sioni mtu aliyeshika dhamana ya kanisa katika mji wa bandari, jirani na Korintho, ambaye wasomi wengi wanaamini ndiye aliyeibeba barua hii hadi Roma.

Kigiriki cha Paulo kinasema *diakonos*. Nikafunua 1 Timotheo 3:8, Biblia ile ile ya Union Version: "Vivyo hivyo mashemasi na wawe wastahivu." Neno ni lile lile. Pale limekuwa cheo, limepewa masharti, limevaa kanzu. Kwa Fibi limevaa aproni.

Sitaki kuwaonea waliotafsiri. Katika 1 Wakorintho 3:5 Paulo na Apolo nao wanaitwa wahudumu, kwa hiyo huwezi kusema neno hilo waliwatengea wanawake. Ila Paulo akiitwa mhudumu hakuna anayemwona na trei, maana barua nzima nzima zimeshatuambia yeye ni nani. Fibi hana barua. Ana mistari miwili tu, na ukimkosea hapo umemkosea moja kwa moja.

Mstari wa pili ndio umenimaliza. "Yeye naye amekuwa msaidizi wa watu wengi, akanisaidia mimi pia." Hapo Kigiriki ni *prostatis*, mtu mwenye uwezo anayewasimamia wengine, anayekukinga kwa mali yake na jina lake. Sisi tungesema mdhamini, au mfadhili. Msaidizi, kwa Kiswahili cha nyumba zetu za sasa, ndilo neno la adabu tunalomwitia dada wa kazi.

Na msaidizi mwingine tunamjua wote. Sijawahi kuhudhuria harusi ambayo Mwanzo 2:18 haikusomwa: "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Mhubiri akishafika hapo, bibi harusi anaanza kupangiwa kazi. Kiebrania cha hapo ni *ezer*, na ndilo neno lililomo katika Zaburi 121 tunayoimba msibani: "Msaada wangu u katika BWANA." Sijamsikia hata mhubiri mmoja akisema kwamba kwa kuwa Mungu ni msaada wetu, basi anyamaze, akae nyuma, atutii.

Kinachonishangaza ni kwamba lugha yetu haikulazimika kufika huku. Kiswahili hakijali jinsia. Ukisema "alihubiri," hujasema ni nani, baba au mama. "Shemasi" halina la kike wala la kiume. Mwanamume tunamwingiza sisi wenyewe, kimya kimya.

*

Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu chini ya Kilimanjaro, mwinjilisti wa mtaa alikuwa akisafiri au akiugua, mama ndiye aliyeongoza ibada. Watu walimpenda. Aliomba kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliye chumbani. Lakini hakupanda ngazi. Kulikuwa na ngazi mbili za saruji kuelekea mimbari, na mama alisimama chini yake, usawa wa mabenchi, karibu na meza ya mnada ambapo baada ya ibada wangenadi mayai na mkungu wa ndizi. Mahubiri yake hayakuitwa mahubiri. Yaliitwa "neno kidogo kutoka kwa mama."

Nilimuuliza siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, kwa nini hapandi. Akasema kule juu kuna baridi. Nilimwamini kwa muda mrefu sana!

Walutheri wa Tanzania, kupitia kanisa lao, KKKT, waliridhia ubarikio wa wachungaji wanawake mwaka 1990, na wa kwanza wakabarikiwa 1991. Walikuwepo waliokwisha kusoma teolojia wakamaliza, wakawa wanafundisha tu, wakingoja. Na hata baada ya hapo dayosisi hazikutembea kwa mwendo mmoja. Kwa jirani zetu Wapresbiteri wa PCEA Kenya, Nyambura Njoroge alikuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji tangu 1982. Waanglikana wa Kenya walipata maaskofu wanawake mwaka 2021, Emily Onyango akiwa askofu msaidizi wa Bondo, kisha Rose Okeno akiwa askofu wa Butere. (Askofu msaidizi. Neno hilo tena, ila hapo hakuna anayelisikia kama la jikoni.) Rafiki yangu Mkatoliki yeye ananikumbusha kwamba kwao mlango ulifungwa rasmi kwa barua ya Papa Yohane Paulo II ya 1994: Kristo alichagua mitume wanaume, na kanisa halina mamlaka ya kubadili hilo. Tumebishana mara nyingi, kila mmoja anaondoka na lake, na ndizi nyama tunakula pamoja.

Mchungaji wa kwanza mwanamke alipoletwa kwetu, nilikuwa nimeshaolewa. Fujo kubwa haikuwa ya teolojia, ilikuwa ya majina. Mke wa mchungaji ni Mama Mchungaji, hilo halina mjadala. Sasa huyu aje aitwe nani? Wengine walimwita Mama Mchungaji, na kwa heshima kabisa wakawa wamemvua cheo, maana ndivyo anavyoitwa mke. Na mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole, vijana wakamwita Baba Mchungaji wakicheka, naye akacheka nao. Mzee mmoja aliendelea kukaa kwenye benchi siku za Meza ya Bwana, mikono kifuani. Alikuwa na 1 Timotheo 2:12 kichwani: "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha." Miezi ilipita. Mkewe alipofariki, ni yule mchungaji aliyekesha naye, na ni yeye aliyezika. Jumapili iliyofuata mzee alipanga foleni na wengine. Hakusema kitu, wala hakuna aliyemuuliza.

Mstari mwingine wanaoushika ni 1 Wakorintho 14:34, "Wanawake na wanyamaze katika kanisa." Lakini sura tatu kabla, katika barua hiyo hiyo, Paulo anatoa maelekezo ya mwanamke "asalipo, au anapohutubu": afunike kichwa. Anahutubu, basi, hilo halimshtui Paulo, kinachomsumbua ni kitambaa. Sisi tulichukua kitambaa tukaacha hotuba.

Na Yunia je? Mstari wa 7 wa sura hii hii, yeye na Androniko ni "maarufu miongoni mwa mitume." Baadaye wakatokea wafafanuzi walioona haiwezekani mwanamke akawa mtume, wakamgeuza awe mwanamume, Yunias. Ilikuwa rahisi kwao kubuni jina kuliko kukubali lililokuwepo.

*

Nimempigia mama. Shikamoo, marahaba, ng'ombe hajambo, mvua haijaanza. Nikamsomea mstari, nikamweleza habari ya shemasi. Alinyamaza nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo na mimi nilikuwa shemasi?"

Nikamwambia nadhani ndiyo, mama.

"Na hawakuniambia," akasema, halafu akacheka kile kicheko chake cha pua. Nikamuuliza habari ya ile baridi ya mimbarini. Akasema hakumbuki kuniambia jambo kama hilo. Kisha akaniuliza kama nimewatumia pesa ya mbolea.

Nimechukua penseli nikaandika "shemasi" juu ya "mhudumu," kwa wepesi, maana Biblia hii ilikuwa ya marehemu baba. Somo nimeliandaa, kurasa nne. Sasa hivi mwenyekiti ametuma ujumbe kwenye kundi: Jumamosi somo liwe dakika kumi na tano tu, kwa sababu baraza la wazee litakuwa na kikao na chakula kinatuhusu sisi. Nimepangiwa vitunguu.