Kambi naipima kwa dakika baada ya bao

Nimetoka kibandaumiza hapa Mbagala kuangalia mechi ya kirafiki ya Yanga yetu, iliyoko kambini. Wananchi wenzangu, yaani mashabiki wa Yanga, wanahesabu mabao. Mimi namtazama kiungo mkabaji: beki wa kulia akipanda, nani anaziba nyuma yake? Leo kachelewa mara mbili, mikono kiunoni, anahema. Pumzi bado.

Mei 2023, Uwanja wa Mkapa, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mshambuliaji wetu Mayele aliisawazishia Yanga dhidi ya USM Alger ya Algeria. Hatujamaliza kukumbatiana, wakafunga tena. Tukalala 2-1. Marudiano Algiers tukashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likaondoka kwa kanuni ya bao la ugenini: wao walifunga mawili kwetu, sisi moja kwao. Linaniuma mpaka leo, jamani.

Ndiyo maana mabao ya kambini hayanilewishi. Ila leo tulipofunga, kipa aliwaita mabeki wote warudi kwanza. Hilo nimelipenda sana.