Vifungo vya shati la shule

Watu walidhani mwanangu akishapandikizwa seli shina, zile seli zinazotengeneza damu, kazi imekwisha. Kwetu dawa ndiyo kwanza zilianza.

Limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, ilimrudia kabla hata mwaka haujapita tangu amalize tiba ya kwanza, tukaenda India. Alipandikizwa seli zake mwenyewe, kwa hiyo zile dawa za kuzuia mwili usigombane na seli za mtu mwingine hakuzihitaji. Nyumbani alikuwa na Septrin ya kumkinga na nimonia, na asikloviri ya kuzuia mkanda wa jeshi. Hizo hazikunisumbua, nilibandika ratiba kwenye friji, dada yake akawa msimamizi mkali kuliko mimi.

Kibarua kilikuwa brentuksimabu, dawa ya saratani. Kwa kuwa ugonjwa ulirudi mapema, daktari alitaka apate dripu hiyo kila baada ya wiki tatu, hadi dozi 16, ili kupunguza uwezekano wa kurudi tena. Alituambia wazi kwamba mpango huo umetoka kwenye utafiti wa watu wazima uliochapishwa 2015, na kwamba dawa hushambulia mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Dozi tukazipatia Dar es Salaam.

Sasa, mtoto wa miaka 11 anayetaka kurudi uwanjani ukimuuliza anajisikiaje, atakujibu “poa”. Nikaacha kuuliza. Asubuhi nilikuwa namwangalia akifunga vifungo vya shati la shule. Wiki za mwanzo alifunga huku akipiga soga. Baadaye akawa anainamisha kichwa kuvitazama, kifungo kinamponyoka, anaanza upya. Siku moja akaenda na kola wazi, akidai joto. Jioni nikamwambia, “Baba, nivulie viatu nione miguu.” Ndipo akasema, “Mama, naona kama nimevaa soksi, na sijavaa.”

Nilimpigia muuguzi siku hiyo hiyo, sikungoja tarehe ya kliniki. Daktari alimfumbisha macho, akawa anagusa kidole kimoja kimoja cha mguu aseme ni kipi. Viwili alikosea. Dozi ikasimamishwa hadi ganzi ipungue, kisha akaendelea na miligramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito badala ya 1.8. Kusimama kule kuliniogopesha kuliko ganzi yenyewe. Niliwaza saratani itapata upenyo. Daktari akanionyesha kwamba kuahirisha na kupunguza kumo ndani ya mpango wenyewe wa dawa. Ganzi ilipungua polepole, ingawa kamba za viatu bado anazifunga kwa kuzitazama.

Chanjo za utotoni anazianza upya, maana upandikizaji hufuta kinga ile ya zamani. Ya surua ina virusi hai, hiyo itangoja angalau miaka miwili baada ya kupandikizwa. Mwalimu wa darasa nimempa namba yangu: surua au tetekuwanga ikizuka tu, anipigie kabla ya kengele ya mchana.