Siku moja na ufa wa gredi ya nne

Saa kumi na moja unusu asubuhi niko njiani natembea kutoka Kayole, mvua imenyesha usiku kucha ile ya kwanza ya Machi, na kichwani niko na kitu moja tu, ule ufa. Mimi ni fundi wa shule ya msingi huku Eastlands, Nairobi, kila kitu kuanzia kitasa mpaka paa ni yangu. Ufa uko kwa ukuta wa gredi ya nne, umeanzia kona ya dirisha unapanda mshazari kuelekea linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Tangu Januari nauwekeanga alama ya penseli pale mwisho wake pamoja na tarehe.

Nafika, hata mzee wa geti sijamsalimia vizuri, nawasha tochi ya simu. Umepita alama ya Februari kwa upana wa kidole.

Hapa kwetu udongo ni ule mweusi, mafundi huuita blakikotoni, ukishiba maji unavimba na jua likipiga unasinyaa na kupasuka, sasa msingi ukikaa juu yake upande mmoja umelowa na mwingine umekauka, ukuta lazima uvunjike mahali. Na kwa hiyo kona bomba la kushusha maji ya paa lilivunjika Desemba, maji yote yanamwagika palepale chini ya dirisha.

Saa moja. Kabla watoto waingie napitia milango yote naifungua kwa mkono mmoja. Mlango wa darasa unafaa kufunguka nje, hata ule mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unasema, maana watoto wakikimbia kwa hofu wanasukuma, na mlango wa kufunguka ndani wanaufunga wao wenyewe na miili yao. Tulikuwa na mmoja wa hivyo, bawaba zake nilizigeuza likizo.

Saa mbili kwa ofisi ya madam, mwalimu mkuu. Pesa ni kidogo na kuna wageni wanakuja Ijumaa. "Fundi, si upige plasta na rangi kwanza tutaona baadaye?" Nikamwambia madam, plasta ilipigwa mwaka jana na ufa ukarudi, shida si ukuta ni maji. Nikamkumbusha Ng'ando pale Dagoretti, Septemba 23, 2019, darasa la ghorofa la mbao na mabati liliangukia watoto asubuhi, wanane wakafa. Alinyamaza kidogo. Akatoa pesa ya bomba la inchi nne, vishikio na mifuko miwili ya simiti, na akapiga simu injinia aje aangalie, maana mimi si injinia na hilo nalisema wazi.

Mpaka saa sita niko juu ya paa. Gata zimejaa majani ya grevilia na mipira mitatu ya makaratasi. Pia kuna misumari mtu aligonga kwa bonde la bati badala ya mgongo, maji yanapita hapo hapo bondeni, raba ya msumari ikichomwa na jua basi darasa linavuja. Nimeziba na lami, nyingine nimetoa kabisa.

Nikishuka napitia stafrumu na hapo nilikasirika kweli. Birika na hita kwa ekstensheni moja, soketi imeanza kuwa nyeusi. Kila moja inakula kama wati 2,000 na plagi ya ampea 13 mwisho wake ni kama wati 3,100. Nikaitoa nikaenda nayo. Walimu wetu nawaheshimu lakini hiyo ni moto unangoja.

Kwa stima tumejaribu. Madarasa nane yana taa 32, tulitoa zile za wati 36 tukaweka LED za 18, zikiwaka kwa muda wa masaa sita hiyo ni kama yuniti tatu unusu tunaokoa kwa siku. Tena gredi ya tano niliweka bati mbili za kupitisha mwanga, mchana hawawashi kabisa.

Saa nane, bomba jipya limeshafungwa mpaka kwa tanki, nachimba chini ya dirisha, namwaga zege ya kuinamia nje ili maji yakimbie ukuta. Msichana mmoja wa gredi ya nne akasimama hapo na sahani yake. "Fundi, darasa letu litaanguka?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamwonyesha alama zangu na tarehe, nikachukua njiti ya kiberiti nikajaribu kuiingiza kwa ufa, haikuingia. Nikamwambia siku hii njiti itaingia mnatoka nyinyi wote, hata kama injinia hajakuja, mtasomea chini ya mti. Akaangalia njiti sana. Mwalimu wao ameshasogeza madawati mbali na huo ukuta.

Saa kumi na robo mvua ikarudi. Nilisimama pale nimelowa nikisikiliza maji yakiingia kwa tanki badala ya kumwagika kwa msingi. Hilo paa ni mita 8 kwa 30, mvua ya milimita 10 inaleta lita 2,400, na hayo tulikuwa tunayamwagia ukuta tangu Desemba.

Saa kumi na mbili nikaandika tarehe ya leo pale ufa umefika, nikamwomba mzee wa geti akisikia tanki limefurika usiku anipigie hata kama ni saa nane. Akaniambia, "Nenda ulale kijana, nitapita hapo kila saa."