Hatua moja tu nyuma

Leo jioni nimepita Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa. Pembeni ya maturubai vijana wanapiga chandimu, na beki wao mmoja ni baba mtu mzima, kipara, kandambili zake ndiyo nguzo za goli.

Dogo mmoja mwenye spidi akamjia.

Mzee hakukimbia. Alirudi hatua moja tu nyuma, akamwachia dogo upande wa ziwani, halafu akaweka mguu. Mpira ukabaki. Dogo nusura aingie majini 😂

Nikamkumbuka beki Kelvin Yondani, mtoto wa hapahapa Mwanza. Miaka pale Simba, 2012 akavuka kwenda Yanga (kelele za mwaka ule mnazijua), na 2019 yuko Misri na Taifa Stars, AFCON yetu ya kwanza tangu 1980. Washambuliaji wangapi walikuja na kupotea, yeye yupo tu pale nyuma?

Ile hatua moja bado naiwaza. Dagaa wenyewe nimewasahau kwenye bodaboda.

Haya, beki gani mlimwona kwa macho yenu pale viwanja vya CCM Kirumba au Nyamagana na hamjamsahau?